Pointi 45 na nusu kati ya 46 si ushahidi

Wiki hii picha ile ile imerushwa tena katika kundi letu la sataranji la Uasin Gishu. Mnaijua. Jina la Hikaru Nakamura, michezo 46, pointi 45 na nusu, na chini yake mrushaji kaandika "Binadamu hawezi!" Nimeshajibu mara nne kwa simu, vidole vinauma. Leo naandika hapa kwa kirefu ili atakayeirusha mara ya tano nimpe kiungo tu, nirudi kwenye kazi inayonilipa.

Kwa msomaji asiyefuata sataranji (chesi, kama wengine mnavyoiita), kisa ni hiki. Novemba 2023 Vladimir Kramnik wa Urusi, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 2000 hadi 2007, alianza kuandika mtandaoni kuhusu takwimu za Nakamura katika tovuti ya Chess.com. Aliweka namba, akawaachia watu wajaze wenyewe neno linalokosekana. Ujanja wa zamani huo: unaweka panga mezani, halafu unasema hukumkata mtu. Nakamura akapandwa na hasira, mashabiki wakagawanyika, na Chess.com ikajibu kwamba ilikuwa imeshatoa ripoti karibu 2,000 za michezo yake katika mfumo wao wa kukamata wezi, na hawakuona wizi wowote.

Kelele zikaisha? Wapi! Kramnik akaendelea na wengine. Miongoni mwao alikuwa Daniel Naroditsky, grandimasta wa Marekani na mwalimu aliyependwa sana, ambaye mwaka wake wa mwisho aliishi chini ya shutuma hizo. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 29. Mwezi uliofuata FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, lilipeleka malalamiko rasmi dhidi ya Kramnik mbele ya kamati yake ya maadili. Sitasema kilichomuua Naroditsky, si kazi yangu. Nasema tu kwamba hesabu mbovu ikirushwa na mtu mwenye jina kubwa huwa inamfikia binadamu mwenye nyama na damu.

Tuje kwa Nakamura mwenyewe, maana wengi wanaorusha ile picha hawajawahi kumtazama akicheza hata nusu saa.

Alizaliwa Japani 1987, akakulia Marekani, akapata cheo cha grandimasta 2003 akiwa na miaka 15. Amekuwa bingwa wa Marekani mara tano. Oktoba 2015 alama zake za FIDE zilifika 2816, na hizo ni alama za ubaoni, mbele ya waamuzi, si za chumbani. Mtandaoni ni mkongwe kuliko baadhi ya wanaomshuku: kabla ya Chess.com kuwa kubwa alikuwa tayari anawatesa watu katika Internet Chess Club kwa jina la Smallville. Mashindano ya Speed Chess Championship aliyashinda miaka mitano mfululizo, 2018 hadi 2022, mpaka Magnus Carlsen alipomshinda katika fainali ya 2023.

Sasa mtindo wake. Mchezo anaoupenda ni wa dakika tatu kila upande, bila sekunde za nyongeza. Saa yako ikiisha umeshindwa, hata kama umebakiwa na malkia na ngome mbili. Nakamura anaucheza mchezo huo kana kwamba saa ni kete ya kumi na saba. Anafungua kwa njia zisizo na makuu, mara nyingi anasogeza kitunda cha pembeni hatua moja na kumtoa askofu wake kupitia hapo, ili tu mwenzake atoke kwenye mambo aliyoyakariri na aanze kufikiri. Kufikiri kunakula saa. Akifika katika hali ambayo wewe na mimi tungeshikana mikono tukubali sare, yeye ndiyo kwanza anaanza kazi. Anazungusha farasi, anatishia kitu kidogo hapa, kitu kidogo pale, hatua moja kwa sekunde, mpaka mwenzake anabakiwa na sekunde tano na moyo unaenda mbio.

Halafu kuna kupanga hatua kabla ya zamu. Unaiambia tarakilishi utakachocheza kabla mwenzako hajacheza, naye akishacheza tu hatua yako inatekelezwa. Katika Chess.com hatua ya namna hiyo inakugharimu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtu anayejua kubashiri hatua kumi za mwenzake mfululizo anatumia sekunde moja kwa kazi ambayo wewe unaifanya kwa kumi na tano. Nakamura ni fundi wa jambo hili kuliko karibu kila mtu duniani.

Na yote hayo anayafanya kamera ikiwa usoni, anaongea bila kupumzika, anachora mishale ubaoni, anasoma maoni ya watazamaji. Anafanya na vituko. Machi 2021, katika mashindano ya mtandaoni yenye fedha za kweli, Carlsen alimtoa mfalme wake katika hatua ya pili, jambo ambalo mwalimu wako wa shule ya msingi angekuchapa kwalo. Nakamura akamjibu kwa kumtoa mfalme wake pia. Wakacheka, wakarudiarudia hatua, wakapata sare.

Kwa nini nawachosha na mtindo? Kwa sababu mtindo ndio unaoeleza rekodi. Anayegeuza sare kuwa ushindi kwa kutumia saa atakuwa na sare chache na mifululizo mirefu. Pia fikiri kama mwizi: ili programu ikusaidie, lazima uione hatua ya mwenzako, uipeleke kwenye programu, usubiri, usome jibu, ucheze. Kwa mtu anayecheza hatua arobaini za mwisho kwa sekunde ishirini, huo muda uko wapi? Najua jibu la watu wa Kramnik: mwizi hodari haibi kila hatua, anaiba mbili tu zinazoamua mchezo. Sawa kabisa. Basi nionyesheni hizo mbili! Mkinionyesha mfululizo wa ushindi hamjanionyesha hatua hata moja.

Sasa hesabu. Msikimbie, ni fupi.

Alama za Elo, alizozibuni Arpad Elo na FIDE ikazichukua 1970, si medali. Ni utabiri. Tofauti ya alama kati yako na mwenzako inasema unatarajiwa kupata pointi ngapi. Tofauti ya 200 inampa mkubwa kama 0.76 kwa kila mchezo. Tofauti ya 300 inampa 0.85. Tofauti ya 400 inampa 0.91. Chess.com inatumia mfumo ndugu uitwao Glicko, lakini kwa hesabu yetu tofauti ni ndogo. Nakamura ana zaidi ya alama 3200 katika michezo hiyo ya haraka, na ukipanda kiasi hicho wa kukulingana nawe ni wachache, kwa hiyo mara nyingi unacheza na watu walio chini yako kwa mamia.

Chukua 0.85 na tuweke sare kando. Uwezekano wa kushinda michezo 46 uliyoichagua kabla ya kuanza ni 0.85 ikizidishwa yenyewe mara 46. Jibu ni kama moja kwa 1,764. Hapo ndipo mrushaji wa picha anaposhangilia, "Umeona!"

Subiri. Twende shambani, maana sisi watu wa Soy tunaelewa mahindi kuliko asilimia. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, mbegu moja kila shimo, hekta moja inachukua mashimo kama 53,000. Tuseme mbegu yako inaota asilimia 85. Baada ya wiki mbili jirani anapita, anatembea mistari yote, anakuta mahali mimea 46 imeota mfululizo bila pengo. Anapiga picha kipande hicho peke yake, anarusha katika kundi: "Huyu ametumia uchawi, uwezekano ni moja kwa 1,764." Utamjibu nini? Utamwambia ametembea hekta nzima akitafuta! Katika mashimo elfu hamsini, mifululizo ya namna hiyo inatarajiwa kutokea kama mara nne. Kutoiona hata mmoja ndiko kungekuwa ajabu.

Nakamura amecheza zaidi ya michezo 50,000 katika Chess.com. Hekta nzima, kasoro kidogo.

Wenye programu za kuandika wanaweza kujaribu wenyewe. Mistari kumi ya Python inatosha: rusha sarafu yenye upendeleo wa 0.85 mara elfu hamsini, hesabu mara ngapi umepata 46 mfululizo, rudia mara elfu. Halafu badilisha tofauti ya alama uone. Kwa tofauti ya 400 mifululizo inapita hamsini. Kwa tofauti ya 200 inageuka kuwa nadra kweli: unatarajia 0.04, yaani ungehitaji wachezaji kama 25 wenye hekta zao ili uuone mmoja. Ndiyo maana swali la kwanza la mtu mwenye akili timamu ni alicheza na nani, na la pili ni amecheza mara ngapi kwa jumla. Ile picha haina jibu la lolote kati ya hayo mawili.

Tena michezo haifanani kama mbegu za pakiti moja. Nakamura akimpata mtu aliyechoka anamwambia turudie, turudie, turudie. Michezo kumi na mtu mmoja aliyevunjika moyo si majaribio kumi huru. Hilo linaurefusha mfululizo zaidi, haliufupishi.

Kabla sijaambiwa mimi ni shabiki wake: la. Mwaka 2022 Carlsen alipojitoa katika mashindano ya St. Louis baada ya kushindwa na Hans Niemann, Nakamura alikaa mbele ya kamera yake siku kadhaa akizipulizia zile tetesi, kiasi kwamba Niemann alimshtaki pamoja na Carlsen na Chess.com akidai dola milioni 100. Mahakama iliitupa kesi Juni 2023, na Agosti wakapatana. Mwaka huo huo moto ukarudi kumchoma aliyeupuliza. Sina machozi ya kumlilia. Ana mamilioni ya watazamaji, ana mawakili, ana michezo elfu hamsini iliyorekodiwa. Atapona.

Ninayemlilia yuko hapa Soy, kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale.

Ni kijana wa kidato cha tatu. Alijifunza sataranji shuleni kwa ubao wa kawaida, na hakuwa na akaunti yoyote mpaka likizo, alipopewa simu ya kaka yake. Akajiunga na mashindano madogo ya mtandaoni, zawadi ya kwanza shilingi 2,000. Akashinda michezo 17 mfululizo. Waandaaji (siwataji, wanajijua) wakamwondoa na kurusha picha ya jina lake katika makundi matatu, wakaandika MWIZI kwa herufi kubwa. Sababu mbili. Kwanza, hakuna mgeni anayeshinda 17 mfululizo. Pili, mara anacheza hatua kwa sekunde moja, mara ananyamaza sekunde ishirini, "akiuliza programu".

Hebu tupige hesabu hiyo ambayo wao hawakuipiga. Wapinzani wake wengi walikuwa wanaoanza. Mpe uwezekano wa 0.9 kwa kila mchezo, ambao kwa mtoto aliyecheza ubaoni miaka mitatu si mwingi. 0.9 mara 17 ni 0.167. Moja kwa sita! Ni sawa na kurusha dadu ukapata sita. Mtu amepakwa tope mbele ya watu mia tatu kwa sababu dadu limeangukia sita. Nao walisema "alama zake zilikuwa ndogo". Za akaunti mpya! Akaunti mpya haina alama, ina namba ya kuanzia ambayo mfumo wenyewe hauiamini mpaka imecheza vya kutosha.

Kuhusu sekunde ishirini: njooni Soy mvua ikinyesha jioni mjaribu kucheza kwa bando la shilingi ishirini. Simu inakata, inatafuta mtandao, inarudi. Kwenye rekodi ya seva hiyo inaonekana kama mtu aliyekaa akifikiri. Mimi nikichunguza programu yangu iliyochelewa, kitu cha kwanza ninachotenganisha ni muda wa mtumiaji na muda wa mtandao. Anayezisoma saa za mchezaji wa kijijini bila kutenganisha hivyo viwili anasoma ubora wa mnara wa simu.

Ajabu ni kwamba sisi, kati ya watu wote duniani, ndio tungepaswa kujua namna ya kushuku. Hapa ni nchi ya wakimbiaji. Tarehe 13 Oktoba 2024 Ruth Chepng'etich alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya 2:10. Watu walishuku siku hiyo hiyo, mwandishi akamuuliza usoni. Hakuna aliyemfungia kwa sababu ya saa yake. Machi 2025 alichukuliwa sampuli, ikakutwa na hydrochlorothiazide, nanogramu 3,800 kwa mililita wakati kiwango cha kuanza kuripoti ni 20. Akasimamishwa, akasikilizwa, na Oktoba 2025 akafungiwa miaka mitatu. Na rekodi ya Chicago? Haikufutwa, kwa sababu sampuli iliyokamatwa ilikuwa ya Machi na adhabu inaanzia hapo. Mtu anaweza kukasirika. Mimi naona hivyo ndivyo inavyotakiwa: kasi yake iliwaambia wapi pa kutazama, chupa ndiyo iliyohukumu.

Sataranji yetu wenyewe ina mfano. Aprili 2023, Kenya Open, Nairobi. Mchezaji asiyejulikana, kajifunika niqabu na miwani, aliwapiga wachezaji wenye majina katika sehemu ya wanawake. Wasimamizi wakashtuka, mgeni kabisa mwenye nguvu hivyo ametoka wapi? Lakini hawakurusha jina mtandaoni. Walitazama. Wakaona viatu havilingani, wakaona haongei hata anapochukua beji yake. Baada ya raundi ya nne wakamwita faragha wakamuuliza. Alikuwa mwanaume, mwanafunzi wa chuo kikuu, akakiri kwamba shida ya pesa ndiyo iliyomsukuma. Pointi zikaondolewa, wapinzani wakarudishiwa zao. Kama wangekosea, binti wa watu angerudi kwenye meza yake bila nchi nzima kujua kwamba aliulizwa. Ndiyo maana ya faragha.

Wezi wapo, tena wengi. Mwaka 2020 timu ya Armenia Eagles ilinyang'anywa ubingwa wa PRO Chess League kwa sababu ya michezo ya grandimasta wao Tigran Petrosian, na Chess.com ikamfungia maisha. Wizi wa sataranji umekuwa rahisi mno: Stockfish ni bure, iko kwenye simu ya kila mtu, na inamshinda bingwa wa dunia bila kutoa jasho. Kwa hiyo ukaguzi lazima uwepo, na unajua kutazama vitu vya maana: hatua zinalingana vipi na chaguo la programu katika nafasi ngumu, si zile rahisi, muda wa hatua ngumu unafanana na wa hatua rahisi au la, mchezaji anatoka kwenye ukurasa wa mchezo kila kabla ya hatua nzuri au la. Mwizi mara nyingi hujulikana kwa saa yake kuwa laini mno. Sekunde sita za kurudisha kete iliyoliwa, jambo ambalo mtoto anaona, na sekunde sita zile zile za kutoa malkia kafara.

Nalalamika kuhusu Chess.com pia. Wanasema wametazama na hakuna kitu, lakini vipimo wamevifungia kabatini. Sababu yao naijua, mwizi asijue mtego ulipo. Lichess, inayoendeshwa kwa michango, imeweka msimbo wake wazi, pamoja na programu za kukamata wezi ziitwazo Irwin na Kaladin. Yeyote anaweza kuusoma. Bado wanakamata watu kila siku, na mitego yao haijakufa kwa kuwa hadharani.

Kwa waandaaji wa mashindano yetu, kabla msimu wa likizo haujaanza, naomba yafuatayo. Andikeni kanuni kabla ya mchezo wa kwanza: nini kitahesabiwa wizi na nani ataamua. Mkimshuku mtu, zuieni zawadi, msizuie jina. Pelekeni michezo yake kwa tovuti husika, wao wana saa kamili na rekodi ambazo nyinyi hamna. Mwiteni acheze michezo mitano ubaoni mbele yenu, Soy hadi Eldoret mjini ni nauli ya matatu tu. Na mkikuta hana kosa, rusheni hilo nalo katika makundi yale yale matatu, kwa herufi kubwa zile zile.

Programu yangu ya kuhesabu mifululizo nitampa yeyote atakayeomba. Unaingiza alama zako, alama za wapinzani na idadi ya michezo yote uliyowahi kucheza, inakupa idadi ya mifululizo ya kutarajiwa. Wanaopenda ile picha ya 46, anzeni kwa kuingiza rekodi zenu wenyewe.